Ukuta mwepesi hauzuie makelele

Mukrezeri akitoka shimoni, iwe Kamituga ao Misisi, masikio yake yamebeba kompresa na nyundo siku nzima. Wataalamu wa afya ya kazi wanasema dekibeli 85 hazipite saa 8 kwa siku. Zikifika 88 ni saa 4, zikifika 91 ni saa 2 tu. Masikio hayo yanahitaji usiku wa kupumzika. Njo maana sisi wa Lubarika tunasema: kabla ya kusifu kambi za nyumba nyepesi, tuulize kwanza kama mutu atalala ndani.

Tunazungumzia zile mbao za kisasa zenye ngozi mbili nyembamba, na katikati vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Ndege zinatengenezwa nazo. Ni nguvu, zinasimamishwa upesi, na watu wawili wanabeba moja bila kuchoka. Lakini wepesi huo huo njo ugonjwa wao. Sauti ikigonga ukuta inautikisa. Ukuta muzito unakataa kutikisika. Mwepesi unaitika kama ngoma. Ukiongeza uzito mara mbili, unapata karibu dekibeli 6 za ulinzi. Sasa pima: mita moja ya mraba ya ubao wa sega inaweza kuwa chini ya kilo 10, na ukuta wetu wa matofali ya udongo, sentimita 15, unapita kilo 200. Wa kwanza unazuia dekibeli 20 na kidogo. Wa pili, ukipigwa lipu vizuri, 40 na zaidi. Na kwa kuwa sega linafunga ngozi zote mbili pamoja, zinatikisika kama kitu kimoja. Ile hewa ya katikati haisaidie.

Hatusemi udongo hauna kasoro. Tetemeko la 3 Februari 2008 lilituonyesha upande wa Bukavu namna kuta nzito zinavyoua. Mafuriko ya Aprili 2020 kule Uvira yalibomoa nyumba nyingi. Mwenye kutaka nyumba nyepesi ana sababu yake. Lakini basi aijenge kwa akili: kuta mbili zisizogusana, katikati pamba ya mawe isiyoshika moto, na milango inayofunga kabisa. Ukiacha tundu la sehemu 1 tu juu ya 100 ya ukuta, hata ukuta wa zege hautapita dekibeli 20. Kwetu tundu hilo tunalijua: ni ile nafasi kati ya ukuta na manjanja. Joto la bonde la Ruzizi linataka hewa, kweli. Basi ipitie upande usioelekea mashini.

Jenereta na mashini ya kuponda mawe viwekwe mbali na vyumba vya kulala. Hiyo ni bei ndogo kuliko ukuta wowote.

Wababa na wamama, wakija kutuonyesha nyumba za kambi, zahanati ao shule za mbao hizo, tusiguse rangi tu na kupiga makofi. Tuombe namba ya dekibeli, iandikwe kwenye mkataba. Kisha tuwashe jenereta inje, tufunge mlango, tusikilize. Asiyekubali jaribio hilo, asipewe sahihi yetu.