NENO KWA WAZAZI: Ufunguo wa Pikipiki Uko kwa Nani?



Mwezi huu tuongee juu ya watoto wetu wanaoendesha pikipiki. Wengine hawajafika hata miaka 16. Unawaona kwenye barabara ya Fizi kwenda Lulimba na Misisi, wamepakia watu wawili na mfuko wa mihogo, wanakimbia wafike kwenye mashimo ya zahabu mbele ya wenzao.

Ndugu mmoja aliniuliza: «Pasta, serikali haina sheria?» Sheria iko. Kanuni ya barabara ya inchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Na sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inasema asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, tena inakataza kumpa kazi ya kuhatarisha maisha yake. Hatukosi sheria, tunakosa mtu wa kuishika. Kijana akiona polisi kwa mbali, anakata njia ya shambani.

Basi, sheria hizi zina faida gani? Huko New Zealand, tangu mwaka 1987, kijana anafunguliwa njia pole pole. Kwanza anaendesha na mtu mzima kando yake. Kisha anaendesha peke yake, lakini si usiku, wala hapakii rafiki zake. Jimbo la Florida huko Marekani lilianza mwaka 1996, na mengine yakafuata. Ajali za vijana zilipungua. Sababu ni kwamba mkono unajifunza upesi, lakini akili ya kuona hatari inakuja nyuma. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema ajali za barabara njo zinaua watu wa miaka 5 hadi 29 kupita ugonjwa wowote.

Lakini hata kule polisi hawasimami kwenye kila njia panda. Mzazi njo anashika ufunguo. Na huku kwetu, ufunguo uko kwa nani? Mtoto hana pikipiki. Tajiri wake anamwachia asubuhi, na jioni anangojea feza. Miaka ya mtoto anaijua. Anamchagua kwa sababu mtoto habishani juu ya hesabu. Na wengine wa matajiri hao wanakaa viti vya mbele kanisani.

Mimi pia nina hatia. Mwaka jana nilikuwa nachelewa matanga, nikapanda pikipiki ya mtoto wa miaka 14. Nilijua miaka yake, alisoma shule yetu ya Siku ya Mungu. Kwenye mteremko wa matope tulianguka. Mimi nilichubuka mkono tu, yeye akavunjika mguu na kupoteza mwaka wa masomo. Mama yake hakunigombeza. Aliuliza tu: «Pasta, hukuona ni mtoto?»

Musa aliamuru juu ya ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu kwa pembe (Kutoka 21:29). Kama mwenyewe alionywa na hakumfunga, mtu akifa, hatia ni yake pia. Tajiri wa pikipiki, na abiria kama mimi, tusome fasi hiyo.

Mtaniambia: «Mtoto huyo njo analisha nyumba.» Ni kweli, na njaa haingojei. Lakini anaweza kukaa kwa fundi, ajifunze kutengeneza pikipiki mpaka atimize miaka 18. Na akianza kuendesha, mwaka wa kwanza asiendeshe usiku, wala asipakie watu wawili. Chama cha waendeshaji kiandike hayo kwenye daftari lake, na tajiri asiyeyashika akemewe mbele ya wenzake.

Wewe mwenye pikipiki, jioni ya leo, mbele ya kupokea feza, muulize kijana wako ana miaka mingapi. Akisema 15, bakisha ufunguo nyumbani.

Pasta wenu, Lubondja