Pembe za Karatasi



Wale waliozoea kupata hapa maelezo ya masomo ya Dominika watuwie radhi juma hili. Liko jambo lililotukaa kifuani tangu Agosti 2024, na tumeona si haki kuendelea kulinyamazia.

Mama mmoja wa huku kwetu Mbagala alikuja ofisini na simu mkononi. Mwanawe, anayesoma chuo katika jimbo la Indiana, Marekani, alikuwa amemtumia picha: amevaa joho jeusi, kichwani ana pembe za karatasi ngumu, na mezani mbele yake kuna dadu za rangi rangi na kitabu chenye mchoro wa joka. Mama aliionyesha picha ile jumuiyani kwa furaha, kama mzazi yeyote. Juma lililofuata akaambiwa kwamba mwanawe amejiunga na Frimasoni. Juma la tatu akanyang'anywa daftari la hazina ya jumuiya alilolitunza miaka sita, kwa hoja kwamba fedha za Kanisa hazilali katika nyumba yenye "kitu". Kati ya waliomhukumu kijana yule, hakuna hata mmoja aliyemwuliza alikuwa akifanya nini.

Sisi tulimwuliza. Alikuwa amehudhuria Gen Con, mkusanyiko wa kila mwaka wa wapenzi wa michezo ya mezani, unaofanyika katika mji wa Indianapolis tangu mwaka 2003. Ulianza mwaka 1968 huko Lake Geneva, Wisconsin, katika ukumbi mmoja uliokodishwa na Gary Gygax kwa ajili ya watu wapatao mia. Mwaka 1974 Gygax na mwenzake Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, na siku hizi mkusanyiko ule hupata watu zaidi ya 70,000. Mchezo wenyewe ni hadithi. Watu watano au sita huketi mezani; mmoja ni msimulizi, na wengine kila mmoja hushika nafasi ya mhusika: askari, mwizi, mchawi, tabibu. Msimulizi husema, "Mmefika penye daraja, na chini yake kuna jitu," nao huamua watafanya nini. Dadu yenye pande 20 hurushwa ili kujua kama wamefaulu. Basi. Bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi kwa "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!", na hatujasikia bibi aliyetengwa na sakramenti kwa sababu hiyo.

Na zile pembe? Mhusika wa kijana wetu alikuwa mtu aliyezaliwa katika ukoo wenye damu ya mashetani, akaukataa uovu, akawa tabibu wa majeruhi. Yaani mtoto wa Mbagala alikaa saa nne katika nchi ya ugenini akifikiri jinsi mtu aliyezaliwa pabaya anavyoweza kuchagua mema. Sisi tumehubiri mengi juu ya neema yaliyo dhaifu kuliko hayo.

Tukamwuliza swali ambalo padre hana budi kuliuliza, maana mkusanyiko ule huanza Alhamisi na kuisha Jumapili: Misa je? Akajibu kwamba kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili liko ng'ambo ya barabara tu kutoka jumba la mikutano, naye alivuka barabara. (Pembe alizivua, akatuhakikishia.) Jumba hilo hilo, majuma mawili tu kabla, lilikuwa limewapokea Wakatoliki wa Marekani kwa Kongamano la Kitaifa la Ekaristi la Julai 2024. Kuta hazikulalamika kwa ugeni wa kwanza wala wa pili.

Sasa tuseme wazi mahali ilikotoka shutuma hii, kwa sababu haikutoka kwa Mababa wa Kanisa. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja alitoweka huko Michigan, na mpelelezi wa kukodiwa akadai mchezo huu ndio uliompoteza. Baadaye ikaonekana sivyo. Mwaka 1984 Jack Chick wa California akachapa kijitabu cha katuni kinachodai kwamba wachezaji hufundishwa uchawi wa kweli. Jack Chick huyo huyo alichapa vijitabu vingine vikidai kwamba Ekaristi Takatifu tunayoiabudu ni udanganyifu wa shetani. Kwa hiyo Mkatoliki anayesimama jumuiyani na kurudia maneno yale, anamwazima silaha mtu aliyeitumia kumpiga Mama yake.

Nasi hatujitoi. Tulipokuwa mapadre wapya tuliwahi kutangaza baada ya Komunyo kwamba filamu fulani za katuni ni mlango wa pepo. Hatukuwa tumeitazama hata moja. Watoto walitusikia, na wazazi wao wakazitupa kanda jalalani. Tunaona haya hadi leo.

Katika nchi hii neno "mchawi" si neno la kurusha kama dadu. Bibi vizee wa Usukumani wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa kuni na samadi jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa ushauri wa waganga. Huo ndio ushirikina, na Katekisimu namba 2116 na 2117 inaukataa bila kumung'unya maneno. Anayemwogopa kijana mwenye pembe za karatasi, huku akijua jirani yake alivyokwenda kupigiwa ramli na akanyamaza ili asivunje ujirani, ameshika fimbo akaiacha nyoka.

Wala si mara ya kwanza pwani yetu kuona watu wazima wakivaa vyeo vya kubuni. Ngoma ya beni, iliyoanzia Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ilienea hadi Dar es Salaam hii. Watu walijipanga katika vyama vya Marini na Arinoti, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya kifalme na vya kijeshi, wakagwaride barabarani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza maofisa wa Kiingereza walishuku kwamba nyuma ya ngoma ile kuna njama ya siri. Wakapeleleza. Walichokikuta zaidi ni watu wanaochezeana, wanaoshindana kwa mavazi, na wanaozikana.

Na sisi wenyewe? Kila Ijumaa Kuu vijana wa parokia huigiza Mateso ya Bwana uwanjani. Mmoja huwa Pilato, mwingine Yuda. Anayeigiza Yuda hupokea mfuko wa vipande thelathini mbele ya umati, na jioni anakwenda kwao kula futari ya mihogo bila mtu kumwita msaliti. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha watu kusali kwa kujiweka ndani ya tukio la Injili, waone pango, wasikie sauti. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapouliza kama kuna fadhila katika michezo, anasimulia habari za Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambaye watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao mwenye upinde apige mishale, kisha akamwuliza kama aweza kuendelea bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo akili, akasema Yohane. Tunapenda kufikiri kwamba msimamizi wa kanisa lile la Indianapolis aliwatazama wale wenye dadu kwa huruma ya mtu aliyewahi kulaumiwa.

Maana dadu zinazotuua ziko hapa. Tokeni kituo cha daladala cha Mbagala Rangi Tatu mtembee kidogo, mhesabu vibanda vya kubeti na mashine za bonanza. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, na watoto wa chini ya miaka 18 hawaruhusiwi. Lakini tumewaona wakiwa na sare za shule, sarafu mkononi. Tumemzika baba aliyeacha madeni ya mikeka na ada ya watoto watatu haijalipwa. Katekisimu namba 2413 inasema michezo ya bahati huwa uovu inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wengine. Je, ni jumuiya gani iliyomwita mwanajumuiya wake ikamwuliza juu ya mkeka? Hatujaisikia. Tena tumesikia mikeka ikijadiliwa nje ya kanisa, homilia ikiendelea, na mmoja wa wajadili ndiye aliyelichukua lile daftari.

Mwenyekiti wa jumuiya hiyo tunamwomba aje ofisini Jumanne, baada ya Misa ya asubuhi, pamoja na daftari la hazina. Mama tumekwisha mwita.