Ndoto Si Darasa

Nilishika chaki kwa miaka 37, na katika hiyo, miaka 22 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kwa hiyo nisemapo neno hili, silisemi kama mtu anayeiogopa elimu. Elimu ndiyo iliyonilisha na kunivisha. Lakini iko elimu moja inayosambazwa siku hizi kwa vijana wetu, na hata kwa wazee wapweke kama mimi. Nimeisoma kwa bidii, nikafaulu, na leo nasimama kuipinga. Nayo ni elimu ya kuitawala ndoto.

Msomaji huenda hajaisikia, basi nieleze. Mara nyingine mtu huota huku akijua kwamba anaota. Anaona mto, na moyoni anasema: huu si mto, mimi nimelala kitandani kwangu. Jambo hili si geni. Aristotle aliligusa katika maandiko yake zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mholanzi Frederik van Eeden aliliandikia makala mwaka 1913, akalipa jina ambalo Wazungu wanalitumia hadi leo. Hata hivyo, wataalamu wengi walikuwa na shaka nalo, kwa kuwa aliyelala hana namna ya kutoa ushahidi. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope, na mtu akiamshwa wakati huo aghalabu husimulia ndoto. Katika kipindi hicho mwili hulegea kama uliokufa ganzi, lakini macho hayafungwi. Basi mwaka 1975 Keith Hearne, katika Chuo Kikuu cha Hull huko Uingereza, alipatana na mtu aitwaye Alan Worsley kwamba akijitambua ndotoni ayapeleke macho yake kushoto na kulia kwa mpango maalumu. Worsley akafanya hivyo katikati ya usingizi, na mashine ikaandika. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, alithibitisha vivyo hivyo, kisha akatunga mbinu za kumfundisha yeyote atakaye.

Sikatai hata moja katika hayo. Ugomvi wangu si na maabara. Ugomvi wangu ni na wale wanaoichukua elimu hii na kuinadi kama dawa isiyo na uchungu: jifunze, uruke angani, ukutane na umpendaye, uishi maisha mawili kwa bei ya moja. Nami nilikuwa mteja wao, tena mteja mwenye njaa.

Mke wangu alifariki mwaka 2019. Kabla ya hapo, kwa miaka 31, palikuwa na jambo moja baina yetu ambalo halikutajwa. Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja huko kanda ya ziwa, ukuu wangu ukiwa bado mchanga. Ikaja barua kwamba mama yake mzazi, huko Lushoto, ni mgonjwa sana. Ilikuwa safari ya siku tatu kwa treni na mabasi. Wiki hiyo hiyo wakaguzi walikuwa wanakuja, nasi tungewalisha na kuwapokea nyumbani kwetu. Mke wangu aliomba nauli. Nilimjibu: "Subiri wakaguzi waondoke." Hakubishana. Aliwapikia. Siku ya tano ilifika simu ya maandishi, na aliposafiri alikwenda kwenye kaburi. Aliporudi alinisalimu, akafungua kanga yake ya safari, akawasha jiko. Hakulitaja tena, nami nilijifanya kwamba lililonyamaziwa limesamehewa.

Baada ya kumzika nilianza kumwota. Kila mara alikuwa amenipa mgongo, anapepeta mchele. Nikimwita, hageuki. Niliamka na kifua kizito.

Mwaka 2022 mjukuu wangu alikuja likizo. Asubuhi moja, baada ya shikamoo, akaniuliza, "Babu, mbona usiku unaita watu?" Nikamweleza nusu ya habari. Akanionyesha katika simu yake jinsi watu wanavyojifunza kuamka ndani ya ndoto bila kuamka. "Babu, ukijua kwamba unaota, unaweza kumwambia ageuke." Kijana alinionea huruma, simlaumu.

Nikaanza kama mwalimu aanzavyo muhula. Nilinunua daftari, nikaandika kila ndoto mara nifumbuapo macho. Mchana nilijijaribu: nahesabu vidole, natazama saa mara mbili, kwa maana ndotoni vidole huzidi na saa hubadilika kila uitazamapo. Usiku nilitega saa iniamshe baada ya saa tano za usingizi, nikae kidogo, kisha nirudi kulala nikijiambia: nitakapoota, nitatambua kwamba naota. Wiki ya sita nilitambua. Furaha iliniamsha papo hapo. Baadaye nilijifunza kutulia na kubaki mle ndani.

Usiku mmoja nilimkuta na ungo wake. Nikasema, "Geuka." Akageuka. Nikasema yote niliyokuwa nimeyaandaa, nikamwomba anisamehe. Akatabasamu, akasema, "Nimekusamehe, Mwalimu. Ulikuwa na kazi nyingi." Niliamka nikilia kwa furaha, nikayaandika maneno yake. Nilipofunua ukurasa wa nyuma kutafuta tarehe, nikayaona maneno hayo hayo, kwa mwandiko wangu, niliyoyaandika siku tatu kabla: kwamba nilitamani aseme hivi. Ulikuwa mfano halisi wa andalio la somo: kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, jibu linalotarajiwa. Nilikuwa nimemfanya marehemu mke wangu mwanafunzi wa kuitikia, nikajipa maksi zote.

Pamoja na hayo sikuacha. Hapa ndipo nataka vijana wanisikilize. Nilirudi kuomba msamaha ule tena na tena, kwa kuwa haukushiba. Kila mara aliutoa, na kila mara ulikuwa mwepesi kuliko wa jana.

Sasa tuhesabu gharama. Ya kwanza ni usingizi wenyewe. Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja yapata dakika 90, na kipindi cha macho kuchezacheza hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndiyo sababu wafundishaji hawa hukuamsha baada ya saa tano: wanakutafutia ndoto ilipo nene. Lakini mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Ukiukata usingizi katikati usiku baada ya usiku, asubuhi unaamka na ushindi wako na kichwa cha udongo. Nilikuwa nikisinzia hata katika vikao vya msiba.

Ya pili ni mpaka kati ya mchana na usiku. Siku moja nilimgombeza kijana wa dukani aliyenidai pesa ya sukari. Nilimwapia kwamba nimemlipa, na nilikumbuka hata noti niliyompa. Jioni, katika daftari langu, nikaona kwamba nilimlipa ndotoni. Nilirudi kumwomba radhi, mzee mzima, mbele ya wateja. Wanaosema hii ni ajali ya mzee mmoja, wajue kwamba mwaka 2018 watafiti wawili wa Israeli, Aviram na Soffer-Dudek, walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi wa chuo kikuu. Wingi wa ndoto hizi peke yake haukuhusiana na maradhi ya akili. Lakini waliotumia mbinu za kuzilazimisha, baada ya miezi miwili dalili zao za kujihisi wametengana na nafsi zao na za fikra zisizo za kawaida zilikuwa zimeongezeka. Kweli, wako watafiti wengine ambao hawakuona kwamba ndoto hizi zenyewe huharibu ubora wa usingizi. Hoja yangu ni ile ile: ijayo yenyewe ni jambo moja, na inayokokotwa kwa kamba ni jambo lingine.

Ya tatu ni ile wazee wetu waliyoiita jinamizi. Akili inapoamka kabla mwili haujafunguliwa ganzi yake, mtu hulala macho wazi, hawezi kuinua kidole, na huhisi kitu kimemkalia kifuani. Baadhi ya mbinu hizi humpitisha mtu karibu kabisa na mlango huo. Nilipita mara mbili. Nikijua sababu yake, hata hivyo niliogopa kama mtoto. Je, yule asiyeijua?

Tena wapo wanaokwenda mbali zaidi. Kuna dawa iitwayo galantamini, ambayo hutolewa kwa wagonjwa wa Alzaima, wale wazee wanaopoteza kumbukumbu. Mwaka 2018 LaBerge na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapa watu 121 dawa hiyo pamoja na mbinu zao: kwa miligramu 8, asilimia 42 walijitambua ndotoni, na kwa kidonge kisicho na dawa, asilimia 14. Watafiti walifanya kazi yao kwa uangalifu. Lakini mtu mzima wa afya anayejinunulia dawa ya wagonjwa ili arukeruke usiku, huyo tumwite nani?

Nitajibiwa: mbona kuna watu wanaoteswa na ndoto mbaya, waliopitia vita au ajali, na elimu hii huwasaidia kuzigeuza? Nakubali. Mtu aliyefukuzwa na simba kila usiku ana haki ya kumwambia simba "wewe ni ndoto." Na afanye hivyo, akiwa na tabibu wake. Lakini dawa ya mgonjwa haiwi chakula cha kila nyumba. Nitajibiwa tena: ndoto ni yangu, naifanyia nitakavyo. Hapo ndipo tunapoachana.

Sisi tumelelewa kuipokea ndoto kama mgeni. Ukisema asubuhi "nimeota," mzee alikujibu "heri," kisha akasikiliza. Wengine walimwendea sheikh mwenye vitabu vya tafsiri vinavyonasibishwa na Ibn Sirin. Waislamu na Wakristo wote wanamjua Yusufu na ndoto za mfalme wa Misri, na Yusufu hakuwageuza wale ng'ombe waliokonda wawe wanono; alisema maana yao, watu wakaweka akiba. Si lazima uamini kwamba ndoto huleta ujumbe kutoka mbinguni. Mimi mwenyewe sina hakika. Lakini hata kama inatoka ndani yangu tu, inatoka mahali nisipopatawala, na ndiyo sababu inaweza kuniambia nisichotaka kusikia. Mgongo wa mke wangu ulikuwa unasema kweli. Nami nilitumia miezi minane kuufundisha kusema uongo.

Maisha yangu yote watu wamegeuka niliposema "geuka." Kengele ililia kwa amri yangu. Hata mama mwenye mzazi mahututi alisubiri kwa amri yangu. Usiku palikuwa mahali pa mwisho ambapo mtu fulani aliweza kunikatalia, na nikapaingilia na fimbo.

Niliacha. Nilifunga daftari, nikaiachia saa inyamaze. Wiki nyingi sikuota kitu. Kisha akarudi, na ungo wake, na mgongo wake, na safari hii sikujua kwamba naota, nikamwita, hakugeuka. Asubuhi yake nilikata tiketi ya Lushoto.

Mdogo wake wa kiume bado yuko huko, mzee kama mimi, ana mipeasi michache na mbuzi. Nilikaa kibarazani kwake nikamweleza habari ya mwaka 1988, bila kupamba: barua, wakaguzi, nauli. Nilimwomba radhi yeye na nyumba yake. Alinyamaza muda mrefu, akichonga kijiti. Kisha akasema, "Shemeji, msamaha wa dada yangu mimi sina mamlaka nao." Akachonga tena. "Ila nishangae. Yeye alituambia mvua ilikata njia. Tukamlaumu Mungu."

Sikuwa na neno. Miaka 31 mwanamke yule alilibeba jina langu mbele ya ndugu zake, na mimi sikujua. Nilimweka mbele yangu ndotoni nisijue ni mara ngapi, nikamsemesha nilivyopenda, na hakuwahi kuniambia hilo. Angeniambiaje? Hakuwa yeye. Alikuwa mimi nimevaa kanga yake, na nisilolijua mimi yeye hangeweza kulijua.

Basi, kijana, na wewe mzee mwenzangu uliyefiwa, ukinadiwa ufunguo wa kuitawala ndoto, uliza kwanza una deni na nani aliye hai. Nauli ya Lushoto ni ndogo kuliko usingizi niliouuza. Nami bado namwota. Bado hageuki. Sasa nakaa kando yake tu, napokea ungo anapochoka.