Ukurasa wa Vijana: Kupanda Umatumbi kwa Baiskeli



Mwezi huu tumeletewa swali na vijana wa hapa Umwe, nalo ni hili: je, yafaa vijana sita wapande baiskeli zao, wavuke mto Rufiji, waende hata Nandete katika milima ya Umatumbi, mahali palipoanzia Vita vya Maji Maji, kisha warudi? Baadhi ya wazazi wao wamekataa, wala hoja yao si ya kudharauliwa. Barabara kuu ina mabasi na malori yaendayo mbio, na vilima vile ni vikali. Jawabu letu ni kwamba safari hii yafaa, lakini kwa sharti moja: mpango wake upimwe kwa nguvu za yule aliye dhaifu kuliko wenziwe, si kwa nguvu za aliye hodari.

Faida yake ni dhahiri. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulilima na Wajerumani, na hiyo ndiyo ikawa ishara ya vita. Tarehe 4 Agosti mwaka ule ule, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu dawa ya maji, alinyongwa Mohoro, katika Rufiji yetu hii. Vita vikaenea kusini yote hata 1907. Wanahistoria wamekadiria waliokufa kuwa baina ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na ghala kuchomwa. Kijana anayeyasoma haya darasani huyasahau upesi. Lakini atakayevipanda vilima vile kwa jasho lake, akasimama mbele ya mnara wa ukumbusho pale Nandete, hatayasahau.

Na liko funzo jingine. Wazee wale hawakupungukiwa na ushujaa hata kidogo, lakini maji hayakuzuia risasi. Basi nasi tusiwapeleke watoto wetu milimani kwa ushujaa mtupu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfunza bedui amfunge kwanza ngamia wake, ndipo atawakali.

Wapo waliopendekeza waende Ngarambe badala ya Nandete. Hilo tunalikataa, kwa kuwa Ngarambe iko kando ya pori la hifadhi, na tembo hawampishi mpanda baiskeli.

Safari na iwe ya siku tano. Siku ya kwanza watoke baada ya sala ya Alfajiri, wavuke Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003 na ambalo urefu wake wakaribia kilomita moja, kisha washike njia ya Ndundu hata Somanga, kilomita 60. Wakipenda wachepuke kidogo waione Mohoro. Hatari ya siku hiyo si mlima, ni magari. Waende mmoja nyuma ya mwenziwe, upande wa kushoto, wamevaa nguo nyeupe, na wakisikia lori nyuma yao watoke barabarani bila kungoja honi. Tangu saa tano hata saa tisa wapumzike kivulini, na Magharibi isiwakute juu ya baiskeli.

Siku ya pili ndiyo mtihani. Kutoka Somanga waende kusini hata Njia Nne, wakate kulia waelekee Kipatimo, kama kilomita 50 za kupanda na kushuka. Kusukuma baiskeli mlimani si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzio nyuma. Na wajue kwamba kushuka kuna hatari kuliko kupanda: breki za mpira huchoka, gurudumu huteleza penye changarawe, na mzigo mrefu juu ya kerio humwangusha mpandaji. Basi mzigo ufungwe chini na uwe mwepesi, na wanaposhuka waachane hatua 30.

Siku ya tatu mizigo ibaki Kipatimo, waende Nandete wepesi, wawasikilize wazee kwa adabu, wala wasipige picha bila ruhusa. Siku mbili zilizobaki ni za kurudi.

Wakati mwema ni baada ya masika, mwezi wa Juni hata Septemba. Tusisahau Mei 2024, pale Kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara hiyo upande wa Somanga. Kila kijana achukue maji lita 4 au 5, na kundi liwe na pampu mbili, mipira ya ndani ya akiba, viraka na gundi, spana, waya za breki, kipande cha mnyororo, na dawa za vidonda. Wachukue pia barua ya serikali ya kijiji. Tena, majuma mawili kabla, waende Mkongo na kurudi kwa siku moja, na mizigo yote. Kitakachokatika, heri kikatike karibu na nyumbani.

Kwa kuwa safari hii yapita marhala mbili, wana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne na kuzikusanya. Kupunguza si kuacha.

La mwisho ndilo kubwa. Wateue amiri mmoja kabla ya kuondoka, wala asiwe yule mwenye mbio. Waandike kwa kalamu, mbele ya wazazi, agano hili: ikiwa adhuhuri ya siku ya pili yule dhaifu hajafika nusu ya njia ya Kipatimo, wote watalala kijiji kilicho karibu, na asubuhi amiri ataamua kuendelea au kurudi, wala hapana atakayebishana naye. Mlimani hasira na haya humfanya kijana aseme "twende tu", agano lililoandikwa nyumbani humpa heshima ya kusema "turudi."

Enyi wazazi, vijana wakiwaletea karatasi hiyo imetiwa saini zao sita, wapeni ruhusa na dua. Wasipoileta, wazuieni. Nandete haihami.

Wabillahi tawfiq.