Endelea au Ruka? Maoni Kuhusu Vitenzi vya Kudhibiti Vitanzi katika Hifadhidata

Mjadala wa istilahi za kompyuta kwa Kiswahili umejikita mno katika nomino. Tumebishana juu ya ngamizi na tarakilishi, ilhali vitenzi, ambavyo ndivyo amri za mashine, vimeachwa vitafsiriwe neno kwa neno. Hoja yetu ni kwamba kosa la kitenzi lina madhara makubwa zaidi, kwani humpotosha mwanafunzi kuhusu mwenendo wenyewe wa kazi.

Tuchukue mfano wa Kariakoo. Mfanyabiashara wa mkoani anapita maduka ya Mtaa wa Kongo, moja baada ya jingine. Duka lisilo na vitenge analiruka, anakwenda la pili. Fedha ikimwishia, anatoka sokoni hata kama maduka yamebaki. Utaratibu uliohifadhiwa katika hifadhidata ya SQL, unapopitia jedwali mstari kwa mstari, hudhibitiwa kwa amri mbili hizohizo.

Kiwango cha SQL/PSM huziita ITERATE na LEAVE, na MySQL hukifuata. SQL Server huziita CONTINUE na BREAK. Oracle, CONTINUE na EXIT. Ikiwa Waingereza na Wamarekani wenyewe wana majina zaidi ya moja, kwa nini sisi tufungwe na moja?

CONTINUE ikifasiriwa "endelea", maana hupinduka. Kwa Mswahili, kuendelea ni kushika kazi pale ilipofikia. Amri hii, kinyume chake, huacha yaliyosalia katika zamu hiyo na kurudi kupima sharti upya. Mwanafunzi anayedhani mstari unaofuata utatekelezwa huiweka kabla ya kuongeza kihesabio. Kihesabio hakibadiliki, sharti halibatiliki, na kitanzi hakina mwisho. "Vunja" kwa BREAK nalo halifai: hakuna kinachovunjika.

Tunapendekeza "ruka" na "toka". Huenda ikadaiwa kuwa "ruka" litachanganywa na GOTO. Hiyo na iitwe "nenda". Aidha, "toka" hudai mahali: kutoka dukani si kutoka sokoni. Kitanzi kikiwa ndani ya kingine, BREAK hutoka katika kile cha ndani tu, ilhali LEAVE hutaja jina la kitanzi kinachoachwa. Sarufi yetu tayari inaidai tofauti hiyo.

Kwa hiyo, BAKITA na wanaisimu waanze na vitenzi, na kila pendekezo lijaribiwe kwanza kwa kuendesha programu, kisha ndipo liingizwe kamusini.