Maganda ya korosho yanapanda meli, mabibo yanaoza shambani

Ikitajwa mada ya uchumi rejelezi kwenye semina, picha ni zilezile: taka za shambani zinageuka mbolea, mkaa, umeme. Kwa korosho za Mtwara na Lindi kuna swali la kwanza ambalo huwa linarukwa. Hizo taka ziko wapi?

Nyingi haziko nchini. Msimu wa 2024/25 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 500,000 za korosho, na sehemu kubwa ikaondoka ghafi kwenda India na Vietnam. Kwenye kilo 100 za korosho ghafi, kiini unachotafuna ni kilo 20 hadi 25 hivi. Kinachobaki, karibu chote ni ganda. Yaani meli ikitoka bandari ya Mtwara, mzigo wake mkubwa ni kile ambacho sisi tunakiita taka.

Kule hawakiiti hivyo. Ganda linakamuliwa mafuta mazito, yaleyale yanayobabua mikono ya wabanguaji, na mafuta hayo yanaingia kwenye rangi, gundi za viwandani na pedi za breki. Makapi yake yanachochea moto wa boila kiwandani. Mnadani kwetu bei ni ya kilo ya korosho ghafi tu. Ganda linaenda kama nyongeza.

Kubangua tulishajaribu. Kufikia 1980 tulikuwa na viwanda 12, lakini uzalishaji uliokuwa umefika tani 145,000 msimu wa 1973/74 ulikuwa umeshaporomoka, mashine zikakosa korosho. Leo ni kinyume: korosho zipo, viwanda havitoshi. Na mwenye kiwanda anatakiwa anunue ndani ya miezi michache mzigo wa kubangua mwaka mzima, mara nyingi kwa mkopo. Bila kutatua hilo la mtaji, habari za ganda kuwa nishati zitabaki za semina.

Mabibo ni tatizo jingine kabisa. Bibo lina uzito mara tano hadi kumi ya korosho yake, linalishinda chungwa kwa vitamini C, na likidondoka halimngoji mtu. Siku moja au mbili limeshachacha. Mkulima anatoa korosho, bibo analiacha chini ya mti.

Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kimekuwa kikifundisha watu kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo. Kazi nzuri. Lakini juisi inataka chupa, sukari, umeme na nembo ya TBS, yote hayo kwa tunda la miezi michache.

Wakati huohuo mabibo yana soko la uhakika ambalo semina hailitaji: uraka na gongo. Wenyeji wanayakausha kuwa kochoko, wanaihifadhi kwa miezi, kisha wanaipikia pombe. Gongo ni haramu kisheria, sawa. Ila tazama walichotatua: muda, tena kwa jua tu. Kochoko hiyohiyo inaweza kusagwa ikawa chakula cha mifugo. Hapo hatusubiri kiwanda cha mabilioni, tunasubiri mnunuzi atakayetangaza bei kabla mabibo hayajaanza kudondoka.