Tupikiwe Mpaka Lini?

Kuna wanaosema eti kujenga programu ya mtandao kutoka kwa maandishi yake asilia ni kujitafutia taabu bure. Mwenye Linux aandike amri moja tu, aletewe programu iliyokwisha kutengenezwa, kazi kwisha. Mimi napinga.

Chukueni OpenSSH, programu ya kuingia katika tarakilishi iliyo mbali bila wadukuzi kusoma unayoandika. Ilitolewa mwaka wa 1999 na watu wa OpenBSD, na maandishi yake yako wazi kwa yeyote. Ukishayafungua, amri ni tatu: ./configure, make, halafu make install. Hiyo ya kwanza ndiyo mwalimu hasa. Inakagua mashine: je, kuna kompaila ya lugha ya C? Maktaba ya zlib iko? Kitu kikikosekana inagoma na kukutajia. Ya pili inageuza maandishi kuwa programu, ya tatu inaiweka mahali pake, kwa kawaida chini ya /usr/local. Ukimaliza unajua programu yako inategemea nini. Yule wa kupakuliwa sahani hajui, wala hana habari kwamba hajui!

Na si mchezo. Mnamo Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana faili. Ajabu ni kwamba OpenSSH ya asili haitumii xz hata kidogo. Ni watengenezaji wa baadhi ya aina za Linux walioongeza kiraka chao, nacho kikaivuta xz ndani. Anayejenga mwenyewe angeuliza: huyu mgeni ametoka wapi?

Nakubali, programu ya kuletewa huzibwa matundu yake kwa urahisi, ilhali uliyojijengea ukiisahau itabaki wazi. Basi tarakilishi za ofisi ziachwe na za kuletewa. Lakini sisi wa chama cha tarakilishi, ambao kila wiki tunafundishwa kupaka herufi rangi, tupewe mashine moja kuukuu, kompaila, na Ijumaa mbili. Ikigoma, wacha igome. Tutasoma imegomea wapi.